Mtoto Akuavyo Tumboni, na Zebaki ya Mialoni



Mwezi huu akina mama wa mtaa wetu wametuomba tutoe somo juu ya jinsi mtoto anavyokua tumboni, tangu mimba inapotungwa hadi siku ya kuzaliwa. Ombi hilo lilitokana na swali la kijana mmoja aliyeoa mwaka jana, ambaye kazi yake ni kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu. Aliuliza hivi: je, moshi wa kuchoma dhahabu waweza kumdhuru mtoto ambaye bado hajazaliwa, maadamu yumo ndani ya tumbo la mama yake na wala hapumui hewa hii tunayoivuta sisi? Swali ni zuri sana, na waliokuwapo walitofautiana. Lakini jibu lake haliwezi kueleweka mpaka kwanza tujue mtoto huyo anaishije humo ndani, anakula nini, na anapumua kwa njia gani. Kwa hiyo tutaanza na somo lenyewe la maumbile, kisha tutakwenda mialoni.

Tulifundisha maarifa ya viumbe katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na twajua kuwa somo hili watu wazima hulionea haya. Wanachuo walikuwa wakiinamisha vichwa darasani kana kwamba hawasikii, na hao hao ndio waliokuja jioni, mmoja mmoja, kuuliza zaidi. Tunawaomba wanaume nao walisome hadi mwisho. Sehemu kubwa ya mambo tutakayoyasema yanawahusu wao.

Jinsi ya kuhesabu mimba

Watu husema mimba ni miezi tisa. Kliniki huhesabu kwa wiki, nazo ni 40, yaani siku 280, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hesabu hii huwashangaza wengi, kwa sababu katika wiki mbili za mwanzo mimba yenyewe haijatungwa bado. Huhesabiwa hivyo kwa kuwa siku ya hedhi mama aweza kuikumbuka, lakini siku ya kutungwa mimba hakuna aijuaye kwa hakika. Akitaka kujua siku ya kujifungua kwa kukadiria, achukue tarehe ile ya kwanza ya hedhi, aongeze miezi tisa na siku saba. Mathalani, aliyeanza hedhi ya mwisho tarehe 10 Januari atazamie kujifungua karibu na tarehe 17 Oktoba. Hayo ni makadirio tu. Wachache sana huzaa siku ile ile. Mtoto aliyezaliwa baada ya wiki 37 kamili hahesabiwi kuwa amewahi. Katika somo hili tutatumia hesabu ya kliniki.

Yai na mbegu

Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya walibishana juu ya chanzo cha mtoto. Mwaka 1694 Mholanzi mmoja, Nicolaas Hartsoeker, alichora picha ya mtu mdogo aliyejikunja ndani ya kichwa cha mbegu ya kiume, akidhani kuwa huenda kazi ya mama ni kumtunza tu hadi akue, kama shamba linavyotunza mbegu. Tusimcheke, maana mawazo ya namna hiyo yamo bado vijijini mwetu. Yai la mnyama anyonyeshaye lilikuja kuonekana kwa hadubini mwaka 1827, na aliyeliona ni Karl Ernst von Baer. Sasa twajua kwamba baba na mama hutoa nusu kwa nusu. Yai la mama lina kromosomu 23, na mbegu ya baba ina 23. Zikiungana zinakuwa 46.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Katika kromosomu hizo imo moja inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Mayai yote ya mama yana kromosomu ya aina moja, iitwayo X. Mbegu za baba ni za aina mbili: nyingine zina X, nyingine zina Y. Yai likikutana na mbegu yenye X, mtoto ni wa kike. Likikutana na yenye Y, ni wa kiume. Tumeona wanawake wakirudishwa kwao kwa kosa la kuzaa wasichana watupu. Mwenye kutaka kutafuta chanzo cha jambo hilo, basi atafute upande wa baba, ingawa baba naye hana uwezo wa kuchagua.

Yai hukutana na mbegu katika mrija utokao kwenye kokwa la mayai kwenda kwenye mji wa mimba. Mara baada ya kuungana huanza kugawanyika: mbili, nne, nane, na kuendelea, huku likisafiri polepole. Baada ya siku kama sita hadi kumi hufika na kujipandikiza katika ukuta wa mji wa mimba. Wakati huo ni dogo kuliko punje ya ulezi. Pengine kifungu hicho kidogo hugawanyika kuwa viwili, na hapo twapata Kulwa na Doto wanaofanana kabisa, wote wa jinsia moja. Pengine mama hutoa mayai mawili kwa wakati mmoja, na kila moja likapata mbegu yake. Hao nao ni Kulwa na Doto, lakini hawafanani zaidi ya ndugu wengine wa tumbo moja.

Wiki za mwanzo ndizo kubwa

Jambo tunalotaka wasomaji walishike ni hili: kazi kubwa ya kuumba viungo hufanyika mapema mno, aghalabu kabla mama hajamwambia mtu yeyote kwamba ana mimba. Hedhi inapokosekana, mtu anaweza kufikiri ni joto au ni kazi nyingi za shamba. Wakati huo huo mambo mazito yanaendelea ndani.

Katika wiki ya tano na ya sita moyo huanza kupiga. Bado si moyo kama wetu, ni mrija tu uliojikunja, lakini unapiga na damu inazunguka. Katika siku hizo hizo, mgongoni mwa kiinitete, unakuwapo mfereji ambao kingo zake hukunjwa na kukutana hadi unakuwa bomba. Bomba hilo ndilo linalokuwa ubongo na uti wa mgongo. Huwa limekwisha kufungwa kufikia mwisho wa wiki ya sita. Lisipofunga vizuri upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Na watoto wengi wa mgongo wazi hupatwa pia na kichwa kikubwa kwa kujaa maji. Tumewaona watoto hao katika mitaa yetu, na tumesikia pia wazazi wao wakiambiwa kuwa wamerogwa, au kuwa mama alivunja mwiko fulani. Sababu moja inayojulikana vizuri ni upungufu wa asidi ya foliki, ambayo imo katika mboga za majani, maharage na maini, na ambayo pia hutiwa katika unga wa ngano wa viwandani. Vidonge vya kuongeza damu vitolewavyo kliniki vinayo pia. Shida ni kwamba mama anayeanza kliniki mwezi wa tano amekwisha kuupita wakati huo kwa majuma mengi. Ndiyo sababu wakunga hushauri vidonge hivyo vianze hata kabla ya kushika mimba, na mahudhurio ya kwanza yawe kabla ya wiki 12. Desturi ya kuficha mimba changa kwa kuogopa macho ya watu tunaielewa, lakini muuguzi si jirani wa kumficha.

Wiki ya nane kiinitete kina urefu wa harage. Mikono na miguu imechomoza kama vichipukizi, na vidole vinaanza kutengana. Wiki ya kumi viungo vyote vikubwa vimekwisha kuwekwa mahali pake, ingawa vingi havijaanza kazi. Kuanzia hapo wataalamu hawakiiti tena kiinitete, hukiita kijusi. Wiki ya 12 kijusi kina urefu wa sentimita tano au sita kutoka utosini hadi matakoni, kinakunja ngumi na kunyoosha miguu, wala mama hasikii lolote kwa kuwa ni chepesi mno.

Kondo la nyuma

Sasa twaja kwenye swali la yule kijana. Mtoto amezungukwa na maji katika chupa yake. Mapafu yake hayana hewa. Chakula hakipiti kinywani. Anaishi kwa njia ya kondo la nyuma, kiungo cha ajabu ambacho sisi hukifukia baada ya kuzaa bila kukitazama. Kondo hukua pamoja na mtoto, na wakati wa kuzaliwa huwa na uzito kama nusu kilo. Upande wa mama limeshikamana na ukuta wa mji wa mimba. Upande wa mtoto limeunganishwa na kitovu chenye mishipa mitatu ya damu, miwili ikitoa uchafu kwa mtoto na mmoja ukimletea mahitaji.

Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Ndani ya kondo kuna vidole vidogo vidogo mno, kama mizizi ya mmea, na ndani yake inapita damu ya mtoto. Damu ya mama huosha vidole hivyo kwa nje. Hewa safi, sukari, chumvi na maji hupita katika ngozi nyembamba ya vidole hivyo kumwendea mtoto. Hewa chafu na takataka hurudi kwa mama, na figo na mapafu ya mama huzitoa. Kwa hiyo kusema kwamba mtoto hapumui si kweli. Anapumua kwa mapafu ya mama yake. Hewa anayoivuta mama ndiyo anayoipata mtoto.

Zamani waganga wengi wa hospitali waliamini kuwa kondo ni kama mlinzi mlangoni, asiyeruhusu sumu kupita. Kweli vijidudu vingi huzuiwa. Lakini pombe hupita, iwe ya viwandani au gongo. Sumu ya tumbaku hupita. Dawa nyingi hupita, na ndiyo maana mama mwenye mimba asijinunulie vidonge dukani. Vijidudu vya malaria navyo hujificha katika kondo lenyewe, vikaziba njia ya chakula, na mtoto akazaliwa na uzito pungufu hata kama mama hakulala kwa homa. Mkoa wa Geita ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na Shinyanga nayo haijasalimika. Basi vidonge vya SP ambavyo mama humezeshwa kliniki kuanzia miezi ya kati ya mimba, pamoja na chandarua chenye dawa, si mambo ya kupuuza.

Zebaki

Wasomaji wanaoishi Rwamagasa, Nyarugusu, Mgusu, Katoro, au upande wa Kahama na Mwakitolyo, hawahitaji kuelezwa dhahabu hupatikanaje. Mawe hutolewa duarani, husagwa kwenye karasha au hupondwa, unga huoshwa, kisha huchanganywa na zebaki ndani ya karai. Zebaki huzikamata chembe za dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa katika kitambaa, na donge linalobaki huchomwa kwa moto. Zebaki hugeuka mvuke na kwenda zake, dhahabu ikabaki. Swali ni: inakwenda wapi?

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, sehemu kubwa yake, kama asilimia 80, hubaki mwilini. Huingia katika damu, na kutoka kwenye damu huingia kwa urahisi katika ubongo, na kwa mama mwenye mimba hupita katika kondo la nyuma kama vile hakuna ukuta. Ndani ya mwili hubadilika na kunasa, isiweze kutoka kwa urahisi kama ilivyoingia. Kwa mtu mzima mwenye kuzoea kazi hiyo dalili ni kutetemeka mikono, usingizi kupotea, hasira zisizo na sababu, na ufizi kuvimba. Ubongo wa mtu mzima ulikwisha kujengwa. Ule wa mtoto tumboni ndio kwanza unajengwa, chembe mpya zikizaliwa kwa maelfu kila dakika na kuhama kwenda mahali pake. Sumu ikifika wakati huo, inafika nyumba ikiwa bado msingi.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka Japani. Katika mji wa Minamata kilikuwako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilichotupa maji yenye zebaki baharini tangu mwaka 1932 hadi 1968. Zebaki hiyo ilikuwa ya aina nyingine, methili ya zebaki, ambayo huingia katika samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Paka walikuwa wakizunguka kama wenye wazimu na kufa, wavuvi wakashindwa kushika vikombe. Lakini wakazaliwa pia watoto wasioweza kukaa, kusema wala kumeza vizuri, na mama zao walikuwa wazima au na dalili ndogo tu. Mwaka 1962 ilithibitishwa kwamba watoto hao walikuwa wamepata sumu tumboni. Ilikuwa kana kwamba mtoto ameibeba sumu ya mama yake. Baadaye ilijulikana kwamba methili ya zebaki huwa nyingi zaidi katika damu ya kitovu kuliko katika damu ya mama mwenyewe.

Kitovu kilikuwa pia shahidi. Kwetu kitovu huzikwa, na mtu husema kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake. Wajapani wao hukikausha na kukihifadhi katika kisanduku kidogo. Daktari Masazumi Harada na mwenzake walivikusanya vitovu vya watu wa Minamata, vingine vya miaka mingi nyuma, wakavipima, na mwaka 1975 wakatangaza kuwa walikuta zebaki ndani yake. Familia zilikuwa zimeweka ushahidi kabatini bila kujua.

Haifai kusema kwamba Geita ni Minamata. Aina ya zebaki ni tofauti, kiasi ni tofauti, na hatukuona watoto wa namna ile. Lakini haifai pia kusema hakuna kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda liliichagua Rwamagasa kuwa mojawapo ya mahali pa kuchunguza zebaki, na wale waliokuwa wakichanganya na kuchoma walikutwa na zebaki nyingi miilini kuliko wengine. Baadaye watafiti wa Mwanza, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Calgary huko Kanada, waliwapima akina mama wajawazito wa kanda yetu ya kaskazini. Wale wa maeneo ya wachimbaji wadogo walikutwa na zebaki nyingi zaidi, na aseniki pia, kuliko wajawazito wa maeneo yasiyo na machimbo. Nchi yetu iliridhia mwaka 2020 ule mkataba wa mataifa unaoitwa kwa jina la Minamata, ambao ulianza kutumika mwaka 2017 na ambao unataka matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo yapunguzwe na, ikiwezekana, yakomeshwe.

Kumwambia mama aache mwalo ni rahisi kwa mtu mwenye pensheni. Wengi wa wanaoponda mawe na kuosha marudio ni wanawake, na wengine wana mimba. Fedha hiyo ndiyo inayonunua sare za shule na unga wa jioni. Hatuna haki ya kuwahukumu. Lakini yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza, na kubwa kuliko yote, ni kwamba dhahabu isichomwe nyumbani. Tunajua kwa nini watu huichoma jikoni au chumbani: wanaogopa wezi. Lakini mvuke hukaa katika kuta, katika paa la nyasi, katika magodoro, na mama na watoto huendelea kuuvuta siku nyingi baada ya donge kuuzwa. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wasishike zebaki kabisa wala wasisimame karibu na moto huo. Wafanye kazi nyingine ya mwaloni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, tena mbali na za watoto. Zebaki isiwekwe katika chupa ya soda chini ya kitanda. Kipo pia chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupozea mvuke, ambacho huirudisha sehemu kubwa ya zebaki ikatumika tena. Wachimbaji wakichanga kikundi wanaweza kumudu, na kwa kuwa zebaki yenyewe ni ghali, chombo hicho hujilipa. Mabwana, hapa kazi ni yenu.

Udongo na samaki

Tumeulizwa pia juu ya kula udongo. Zile pemba zinazouzwa sokoni zikiwa zimepangwa mafungu karibu na dagaa, na udongo wa kichuguu, ni vitu ambavyo wajawazito wengi huvitamani. Utafiti uliofanywa wilayani Geita na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa walikuwa wakila udongo. Na udongo huo ulipopimwa ulikutwa na aseniki, pamoja na madini mengine. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Kwa hiyo badala ya kumgombeza, mpelekeni kliniki akapimwe damu na minyoo. Mama mmoja alituambia kuwa bila pemba hawezi kulala. Tulimwamini, na bado tulimwambia aende akapimwe.

Kuhusu samaki, wako waliosikia habari za Minamata wakaanza kuwakataza wajawazito kula hata dagaa. Si sawa. Zebaki hurundikana zaidi katika samaki wakubwa wanaokula wenzao na kuishi miaka mingi. Dagaa ni wadogo na maisha yao ni mafupi, na kwa mama wa kanda hii ni chakula kizuri cha kujenga mwili na mifupa ya mtoto. Waoshwe mchanga tu.

Miezi ya kati na ya mwisho

Kati ya wiki ya 16 na ya 20 mama huanza kusikia mtoto akicheza. Mwenye mimba ya kwanza huchelewa kidogo kwa kuwa hajui anachokisikiliza. Wiki ya 20 mtoto ana urefu kama sentimita 25 kutoka kichwani hadi kisiginoni. Akiwa wa kike, vifuko vyake vya mayai vimekwisha kuwa na mamilioni ya mayai, yote atakayokuwa nayo maishani, na zaidi. Tukilitafakari hilo, mama mwenye mimba ya binti amebeba pia mayai ambayo pengine yatakuwa wajukuu zake. Tulipolieleza darasani, hata wavulana wa nyuma walinyamaza.

Kufikia wiki ya 26 mtoto husikia. Sauti aisikiayo zaidi ni ya mama, pamoja na mapigo ya moyo wake, lakini ngoma na kelele za karasha pia humfikia. Injili ya Luka inataja kuwa Elisabeti alikuwa katika mwezi wa sita Mariamu alipomwendea na kumsalimu, na habari ya mtoto kuruka tumboni haina cha kumshangaza mkunga. Wiki ya 28 macho hufumbuka, na uzito ni kama kilo moja ya sukari. Moyo wake hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, ndiyo sababu mkunga akiweka ile faneli yake tumboni husikia kama saa inayokwenda mbio.

Mapafu ndiyo yanayochelewa. Hutengeneza utelezi fulani unaoyazuia kunata pindi hewa inapotoka, na utelezi huo hautoshi hadi karibu wiki ya 34 au 35. Kwa hiyo mtoto njiti hushindwa kupumua hata kama viungo vyote vimekamilika. Wako wasemao kuwa mtoto wa miezi saba hupona na wa miezi minane hufa. Si kweli; kila wiki anayoiongeza tumboni inampa nguvu zaidi. Akizaliwa mapema abebwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na kupelekwa hospitali hivyo hivyo.

Siku za mwisho mtoto huongezeka mafuta, na wengi hugeuza kichwa chini. Ubongo unaendelea kukua upesi, na utaendelea hivyo miaka kadhaa baada ya kuzaliwa. Mtoto wa kawaida huzaliwa na kilo mbili na nusu hadi nne. Ngozi yake huwa na utando mweupe kama siagi, na hapa tuna neno kwa bibi na mashangazi: utando huo si mbegu za mwanamume, wala si ushahidi wa tendo lolote la wazazi. Ni mafuta ya ngozi ya mtoto mwenyewe, yaliyomkinga asiloweke majini miezi yote hiyo. Mama asiaibishwe wodini kwa ajili yake, wala mtoto asikimbiliwe kuogeshwa. Siku moja ya kungoja humsaidia kutunza joto.

Mama aliyefanya kazi mwaloni anyonyeshe? Anyonyeshe. Maziwa ya akina mama wa Rwamagasa yaliwahi kupimwa pamoja na ya akina mama wa machimbo ya nchi nyingine. Mengi yalikuwa na zebaki kidogo, machache yalikuwa na kiasi kikubwa. Maziwa bado ndiyo kinga kubwa ya mtoto. Kinachotakiwa kuondolewa ni zebaki.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

Katika mtaa wenu, dhahabu huchomwa wapi, na nani hulala karibu na mahali hapo?

Mama aliyeshika mimba akihama kutoka kwenye karai la zebaki, ni kazi gani nyingine ya mwaloni anaweza kupewa kwa ujira ule ule, na ni nani wa kusema naye jambo hilo?

Ni mambo gani yanayowafanya akina mama wa kwenu wachelewe kwenda kliniki hadi mwezi wa tano? Wanaume wajibu kwanza.